Kanisa lililokalia makanisa

Mimi ni mwashi, na nikiingia jengo lolote nauliza msingi kwanza, dari baadaye. Pale Mont Saint-Michel, pwani ya Normandia huko Ufaransa, swali hilo lilinikosesha raha. Kanisa la abasia, yaani makao ya watawa, liko juu kabisa ya mwamba wa matale, mita 80 hivi kutoka usawa wa bahari, na ncha ya mwamba huo ni ndogo mno kubeba kanisa refu namna ile. Limekalia nini basi?

Watawa Wabenediktini waliletwa hapo mwaka 966 na Richard wa Kwanza, mtawala wa Normandia. Mwaka 1023, chini ya abate, yaani mkuu wa watawa, Hildebert, ujenzi wa kanisa hili ukaanza. Mafundi hawakuukata mwamba uwe bapa. Ncha waliiachia sehemu ya katikati, pale mabawa mawili ya kanisa, la kusini na la kaskazini, yanapokutana, kisha wakajenga vikanisa kwenye miteremko kuizunguka, hadi vikalingana nayo kwa kimo. Bawa la kusini limekalia kikanisa cha Mtakatifu Martin. La kaskazini limekalia cha Bikira Maria wa Mishumaa Thelathini. Upande wa magharibi, ukumbi wa waumini ulipandishwa juu ya kanisa la kale la karne ya 10, ambalo tangu hapo limebaki gizani.

Nilikaa sana kwa Mtakatifu Martin. Dari ni tao moja la mawe, kutoka ukuta hadi ukuta, bila nguzo hata moja katikati, na bawa zima liko juu yake. Mwashi mwenzangu, hebu fikiria zile mbao za kushikilia tao lile kabla halijafungwa!

Si kila kitu kilishika. Mwaka 1103 ukuta wa kaskazini wa ukumbi ulianguka. Mwaka 1421, vita na Waingereza vikiendelea, patakatifu pakaporomoka pote. Kazi ya kupajenga upya ilianza 1446, na walianzia chini: nguzo 10 za mawe, nyingi zao nene kiasi kwamba mikono yangu miwili haifiki hata nusu ya mzunguko. Juu yake kukasimama patakatifu pa Kigothi, pembamba, madirisha hadi juu, pakakamilika 1521. Unatoka kwenye ukumbi wa zamani, kuta nzito na dari ya mbao, ghafla unamwagikiwa na mwanga.

Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa abasia ilifanywa gereza, hadi 1863.

Kilichonigusa zaidi kiko nje. Moto wa 1776 uliharibu ukumbi, sehemu tatu kati ya saba zikabomolewa, na mahali pake sasa ni uwanja wa mawe mbele ya mlango. Mawe kadhaa yana namba zilizochongwa, alama za wachonga mawe waliolipwa kwa kazi. Nilichuchumaa, nikapitisha kidole ndani ya mojawapo. Bado mtu anaihisi patasi.