Nyuzi 85 chumbani kwangu

Saa yenyewe haikuwa na shida. Niliinunua ikiwa vipandevipande kwenye kifuko: bodi, chipu ya ATmega328 ya kuendesha programu, chipu ya DS3231 ya kutunza muda, taa za tarakimu nne na lundo la rezista, vile vidude vya kubana umeme. Nikailehemu kwa usiku mbili kwenye meza ya chakula. Umeme ukikatika na kurudi haipotezi hata dakika, kwa ajili ya ile betri bapa kama sarafu iliyo mgongoni. Ningeishia hapo ningelala vizuri. Ila pembeni mwa bodi niliona matundu matatu matupu, nikasema ngoja niongeze kihisi joto, nijue Februari hii ya Dar inatupika kwa nyuzi ngapi.

(DS3231 ina kipimajoto chake humohumo ndani, cha kurekebishia mwendo wa saa. Nililijua hilo baadaye. Tuyaache.)

Kihisi nilichochukua ni DS18B20, kidude cheusi cha miguu mitatu ambacho ukikiona utadhani transista. Kosa la kwanza lilinichukua sekunde kama kumi kuligundua, maana nilikigusa nikaunguza kidole: nilikuwa nimekipachika kinyume. Uso bapa ukiwa umekuelekea na miguu ikitazama chini, wa kushoto ni hasi, wa kati ni data, wa kulia ni chanya. Nilichomoa adapta, nikakigeuza, nikaomba Mungu kiwe hakijafa.

Nikawasha. Saa ikaandika -127.

Baridi kali kuliko zote iliyowahi kupimwa juu ya ardhi ni nyuzi 89.2 chini ya sifuri, kituo cha Vostok kule Antaktika, mwaka 1983. Kwa hiyo ama chumba changu kimevunja rekodi ya dunia, au namba ile si joto. Kweli si joto. Ni namba ambayo programu huandika ikikiita kihisi kisiitike. Mita ya kupimia volti ilinionyesha kwa nini: waya wa data ulikuwa unaning'inia tu, hauna rezista ya kuuvuta kwenye volti 5. Kihisi hiki huongea kwa kuushusha waya chini; kuurudisha juu ni kazi ya rezista, na bodi yangu haikuwekewa. Nikalehemu moja ya omu 4,700 kati ya mguu wa kati na wa kulia. Ikaja 33.

Nikaita watu waje waone. Walipofika, saa inasema 85.

"Baba, kwani tumehamia motoni?" aliuliza mwanangu, akarudi zake kwenye katuni.

Hii ya 85 ndiyo iliyonila siku tatu. Inakuja, inakaa, inaondoka, inarudi 33. Nilibadilisha programu, nikabadilisha rezista, nikalaumu adapta. Nikakilaumu na kihisi chenyewe, maana vya bandia vimejaa madukani. Kumbe 85 ndiyo namba ambayo kihisi huwa nayo kinapoamka, kabla hakijamaliza kupima mara ya kwanza. Ukiiona tena na tena katikati ya kazi, ujue kihisi kinazimika na kuwaka bila wewe kujua.

Fundi redio wa mtaani kwetu, mzee anayefanya kazi miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, aliipokea bodi, hakuuliza chochote kuhusu programu. Akausukuma mguu wa kulia kwa kijiti cha kiberiti. 33. Akauachia. 85. Akausukuma tena.

"Hii risasi ya kulehemu imekaa juu juu, kijana. Haijashika."

"Lakini Mzee, kama hakipati umeme, mbona kinaongea?"

"Si kinaiba kwenye ule waya mwingine."

Ndivyo ilivyo. DS18B20 inaweza kuishi kwa umeme kidogo inaounyonya kwenye waya wa data. Huo unatosha kuitikia salamu, ila kupima joto kunahitaji nguvu zaidi, na rezista ile haiwezi kuipitisha yote. Kinaanza kupima, kinaishiwa, kinaanza upya na 85 yake. Aliipasha risasi moto hadi ikang'aa na kuukumbatia mguu, akakataa hela.

Kilichobaki kilikuwa kidogo. Kihisi huchukua milisekunde 750 kupima kwa usahihi wake wote, na programu yangu ilikuwa inasimama kusubiri, basi taa za saa zinakwama kwenye tarakimu moja. Sasa inaagiza kipimo, inaendelea na taa zake, inakuja kuchukua jibu sekunde inayofuata.

Halafu ile 33 nayo ilikuwa inapanda taratibu, baada ya saa nzima ikafika 37, wakati kipimajoto cha ukutani kinasema 31. Sentimita mbili tu kutoka kwenye kihisi imekaa 7805, inayoshusha volti 9 kuwa 5 na kuigeuza tofauti yote kuwa joto. Nilikuwa napima joto la saa. Nikakitoa kihisi nje ya boksi kwa nyaya tatu za urefu wa shubiri, nikafunika viungio kwa mrija wa plastiki, nikakitumbukiza kwenye glasi ya barafu iliyopondwa na maji: 0.3. Chenyewe kinaruhusiwa kukosea nusu nyuzi, kwa hiyo sikugusa kitu tena.

Sasa kinaning'inia nyuma ya saa kama mkia. Mke wangu anataka nikirudishe ndani, boksi lipendeze.