Ufa kwenye pampu ya petroli ya Land Rover ya baba

Asubuhi moja ya Julai, baridi ya Arusha ikiwa bado haijaachia, nilifungua boneti ya Land Rover Series III aliyoniachia marehemu baba, na harufu ya petroli ikanipokea. Pampu ilikuwa imelowa. Niliifuta kwa kitambaa, nikapampu kwa kidole kile kiwiko kidogo cha pembeni, na palepale tone likachungulia mahali nipeli, kile kiungio cha bomba la kuingizia petroli, inapofungwa. Ufa.

Kwa asiyeifahamu, pampu hii haitumii umeme. Kamshafti inasukuma mkono wa pampu, mkono unavuta diaframu, yaani utando unaonyumbulika, na diaframu inafyonza petroli kutoka kwenye tangi na kuipeleka kwenye kabureta. Ina bilauri ndogo ya kioo inayonasa taka na maji, hivyo ukiitazama tu unajua umeuziwa petroli ya namna gani. Pampu mpya nilizoonyeshwa madukani hazikuwa na kioo wala kiwiko. Niliamua nitaiponya hii hii.

Chanzo nilikijua. Mwaka uliotangulia gereji moja ilibadilisha nipeli, ikaizungushia utepe mnene na kuikaza kwa nguvu zote. Nipeli ya shaba nyeupe haipasuki, inayopasuka ni ile shingo laini iliyoibeba.

Kwanza nilipaka gundi ya chuma. Ilishika siku kumi na mbili, kisha petroli ikaingia chini yake na kuinyanyua ukingoni. Ndipo nikaenda mtaa wa Unga Limited kwa mzee mmoja anayechomelea alumini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiki ni madini gani?"

"Alumini, mzee."

"Nani kakuambia?"

Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba pampu nyingi za zamani zilimiminwa kwa mazaki, yaani aloi ya zinki, na kwa macho huwezi kuitofautisha na alumini iliyochakaa. Lakini mazaki huyeyuka kwenye nyuzi 390 hivi za Selsiasi, wakati alumini hufika 660. Ukiipelekea mazaki moto wa alumini, shingo yote inadondoka mezani kabla hujaona dalili, na moshi wa zinki unakuachia homa usiku kucha. Akanirudisha nyumbani na pampu yangu mkononi. Nilikereka siku ile, lakini leo namshukuru.

Nilifungua kila kitu: vali, diaframu, mkono, springi. Nusu ya juu ikabaki tupu. Sonara mmoja alinipimia kwenye mizani yake, ikaja gramu 150. Nikaizamisha kwenye chupa ya kupimia iliyojaa maji, yakamwagika mililita 55. Gawanya, unapata kama gramu 2.7 kwa kila mililita, na huo ndio uzito wa alumini. Ingekuwa mazaki, umbo lile lile lingekaribia gramu 360.

Kazi iliyofuata ndiyo iliyonifundisha zaidi. Mzee aliniambia niiloweke kwenye mafuta ya taa usiku mzima, niifute ikauke kabisa, kisha niinyunyizie unga wa chaki ya shule. Nikasubiri. Polepole, mstari mwembamba wa kijivu ukajichora kwenye weupe wa chaki, mafuta yakirudi juu kutoka ndani ya ufa. Nilichokuwa nakiona kwa macho ni milimita 12. Chaki ilinionyesha 19, na ncha yake imekata kona kuelekea kwenye uso wa gasketi. Tungechomelea nilichokiona tu, ufa ungeendelea na safari yake.

Mzee alitoboa tundu la milimita 2 kwenye ncha ya ufa ili usitembee tena, akachimba mfereji wa umbo la V kwa tupa. Nilikuwa nimeiosha kwa maji ya moto na sabuni na kuianika siku tatu, kwa sababu mvuke wa petroli na moto havikai pamoja. Hata hivyo, tulipoipasha juu ya bati kwenye jiko la mkaa, ufa ulitoa jasho jeusi: oili ya miaka mingi iliyojificha ndani. Tulifuta, tukapasha, tukafuta tena, mpaka kitambaa kikatoka kikavu.

Mashine ilikuwa TIG, inayochomelea kwa cheche ya umeme iliyokingwa na gesi ya argoni, ikiwa kwenye umeme wa AC, yaani unaogeuza mwelekeo. Hilo la AC ni muhimu, maana alumini imevikwa ganda la oksaidi linaloyeyuka juu ya nyuzi 2,000, na ni AC inayolivunja. Waya wa kujazia ulikuwa na silikoni ya asilimia 5 hivi. Mshono wa kwanza ulitoka na vitundu, kama uji unaotokota. Mzee hakusema neno, akausaga wote, akapiga brashi ya waya ya stenlesi na kuanza upya. Wa pili ulilala vizuri.

Joto lilikuwa limepinda uso wa gasketi kidogo. Niliweka msasa namba 400 juu ya kioo cha dirisha, nikausugua kwa mduara kama saa nzima hadi ukang'aa sawasawa. Nyuzi za skrubu ndani ya shingo tulizipitisha upya tapu, kifaa cha kuzichongea. Kisha nikaziba tundu la kutokea, nikaunga pampu ya baiskeli upande wa kuingilia, nikaizamisha kwenye beseni. Sikuona hata povu moja.

Wakati wa kufunga, nilikaza bolti kwa zamu, robo mzunguko kila upande, na nipeli nikaikaza kwa spana mbili, moja ikizuia shingo isibebe nguvu. Nilienda nayo Longido na kurudi. Usiku ule nililaza kipande cha gazeti chini ya pampu, na kulipokucha nikakiokota kikiwa kikavu.