Mafuta ya nywele ya nazi na rozimeri: ninavyoyatengeneza na kuyatumia

Rozimeri, kiungo cha majani membamba yanayonukia, lazima ikauke kabisa. Majani mabichi yana maji, na maji yakibaki ndani ya mafuta huleta ukungu na harufu mbaya. Nayaanika kivulini, si juani, hadi yavunjike yenyewe vidoleni.

Kwa mililita 250 za mafuta ya nazi naweka gramu 25 za majani makavu. Nayaponda kidogo tu. Ukiyasaga yakawa unga, hayachujiki. Vyote vinaingia kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, nayo inakaa kwenye sufuria ya maji, chini nimetandika kitambaa ili isipasuke. Moto mdogo, saa mbili, maji yasitokote. Majani yakigeuka kahawia na mafuta kunukia kama ya kukaangia, moto umezidi, hayo mwaga.

Nachuja kwa kitambaa kikavu cha pamba, naacha yatulie usiku mzima, kisha namimina ya juu na kuacha mashapo. Mwisho naongeza mililita 30 za mafuta ya nyonyo. Ukizidisha, nywele zinanata na kukusanya vumbi. Kwenye baridi, chini ya nyuzi 24 hivi, mafuta ya nazi huganda. Hayajaharibika, tumbukiza chupa kwenye maji ya uvuguvugu.

Nayapaka kabla ya kuosha, si baada: vijiko viwili vya chai, nusu saa, kisha shampuu. Mafuta ya nazi huingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, hivyo nywele hazikatiki ovyo na urefu unaonekana. Hiyo ndiyo kazi ninayoitarajia, si kuotesha nywele mpya. Utafiti wa Irani wa mwaka 2015, ule unaotajwa na kila muuza mafuta anayedai rozimeri huotesha nywele, ulilinganisha rozimeri na minoksidili (dawa ya kupaka ya kuotesha nywele) ya asilimia 2 kwa miezi 6, lakini kwa losheni yenye kiwango kilichopimwa. Ya jikoni hayana kipimo hicho.

Mwenye mba ya mafutamafuta asilaze mafuta kichwani. Fangasi wa mba hula mafuta hayohayo. Aanze na shampuu ya ketokonazoli, dawa ya kuua fangasi. Mapunye ya watoto yanataka dawa ya kumeza kutoka hospitali. Na nywele za pembeni zinazong'oka kwa sababu ya rasta za kubana, legeza msuko kwanza, chupa baadaye.