Nilitafuta chanjo ya mafua isiyo na sindano, nikaishia kuchomwa mbili

Mimi na sindano hatujawahi kuelewana. Wala sio maumivu, maumivu nayavumilia, nilishawahi kuingiwa na ndoano kidoleni huko ziwani usiku, nikaitoa mwenyewe na koleo tukaendelea na kazi. Shida ni sindano ikishikwa na mtu mwenye koti jeupe. Masikio yanaanza kuvuma, jasho la baridi linanitoka, macho yanaingia kiza, afu naamka niko chini watu wamenizunguka.

Mwaka 2021 chanjo za korona zilipokuja nilijikaza kiume nikapanga foleni, nikachomwa vizuri tu, nikasimama, hatua mbili, puu! nikaenda chini na meza ya watu, pamba na makaratasi yote yakasambaa. Kabla sijainuliwa habari ilishafika mtaani kwetu Ujiji kwamba chanjo imemuua fulani. Waliokuwa nyuma yangu wakaondoka kama wanne hivi, na hilo ndo linanisumbua mpaka leo, maana chanjo haikunifanya kitu, ni woga wangu mwenyewe.

Sasa mwaka jana Mungu akatujalia, mimi na mama yangu (ana miaka 74) tukapata nafasi ya Hija. Furaha ikaisha pale tulipoambiwa mambo ya chanjo. Ile ya homa ya uti wa mgongo ni lazima, Saudia hawakupi viza bila cheti, na uwe umechanjwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Ya mafua makali wanaishauri, hasa kwa wazee, na ukifikiria inaingia akilini, watu wa dunia nzima mnalala kwenye mahema Mina bega kwa bega, mmoja akikohoa ni mtaa mzima. Mama akasema tunachoma zote mbili, kwisha maneno. Mimi moyoni nikasema hii ya uti wa mgongo haina ujanja ila ya mafua lazima kuna mlango wa nyuma.

Nikamtumia mpwa wangu voisi, anaishi Leicester huko Uingereza. Akacheka. "Mjomba, huku watoto hawachomwi ya mafua, wanapuliziwa puani shuleni." Nikamwambia hebu rudia. Kweli bwana, Uingereza wanafanya hivo kwa watoto tangu 2013, mwanawe kila vuli anapuliziwa kidogo tundu hili, kidogo tundu lile, anarudi darasani. Dozi nzima ni mililita 0.2, yaani kijiko kimoja cha chai kingetosha watu 25.

Nikaanza kusoma usiku kucha kama mtu wa mtihani. Ile ya puani ndani yake kuna kirusi hai cha mafua ila kimedhoofishwa, na wamekizoesha kukua kwenye ubaridi, nyuzi joto kama 25 hivi. Puani kuna ubaridi kidogo kwa hiyo kinakua cha kutosha mwili ukijue, kikishuka mapafuni kwenye joto kinashindwa. Ni kama umtoe mtu Njombe umlete Kigoma mwezi wa tisa, atafika lakini kazi hafanyi. Wamarekani wanaiita FluMist, waliipitisha 2003, na 2024 wakaruhusu mtu ajipulizie mwenyewe nyumbani. Si kwamba haijawahi kukwama, kuna misimu miwili kuanzia 2016 wataalamu wao walisema isitumike kwa sababu aina moja ya mafua ilikuwa inaipita, ikarudishwa baadae.

Nikashuka chini kuangalia masharti. Umri, miaka 2 mpaka 49.

Mimi nina 51. Nilikaa nikaitazama ile simu.

Na hata ningekuwa na 40 kulikuwa na jambo jingine ambalo mpwa wangu aliligusia kwa aibu, kwamba ile ya Uingereza ina jelatini ya nguruwe, inawekwa ili kirusi kisiharibike. Wazazi Waislamu wa kule wengi waliuliza maswali, wapo masheikh wanaosema kitu kikishabadilika sana hukumu yake nayo inabadilika, wapo wasiokubali, na asiyetaka mwanae anapewa ya sindano ambayo haina hiyo jelatini. Mimi sio sheikh sitaki kuingia hapo, ila nilijiona mwenyewe nikimuelezea mama kwamba safari ya Makka nimeianza na nguruwe puani. Nikaifunga hiyo habari.

Nikahamia kwenye jeti. Hii ni mashine ya mkononi haina sindano kabisa, inaisukuma dawa kwa kasi mpaka inapenya ngozi kama uzi mwembamba wa maji. Zamani zilitumika sana kwenye chanjo ya ndui, ila mdomo wa mashine ulikuwa unagusa mtu baada ya mtu, ikaja kuonekana zinaweza kuhamisha homa ya ini, wakaziacha. Za sasa kila mtu na mdomo wake, ukitumika unatupwa. Marekani 2014 walikubali moja itumike na chanjo fulani ya mafua kwa watu wa miaka 18 mpaka 64. Nikapiga makofi peke yangu chumbani, umri unanifaa! Afu nikasoma waliojaribu wanasema inauma kama kupigwa na mpira wa manati, sawa tu, hilo ningeliweza. Asubuhi nikazunguka maduka ya dawa ya Mwanga na mjini Kigoma kuulizia. Kijana mmoja akanijibu kwa heshima sana, "mzee wangu, hata hiyo ya mafua ya sindano hapa sina."

Kitu kilichonivutia kuliko vyote ni kibandiko. Unakibandika mkononi karibu na kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, kina visindano 100 vidogo hata milimita moja havifiki, vinayeyuka ndani ya ngozi kama sukari, baada ya dakika 20 unabandua kimebaki kikaratasi tu cha kutupa. Walikijaribu kwa watu 100 huko Atlanta, matokeo yakatoka 2017, na wengine walijibandika wenyewe. Cha ajabu zaidi walikuta kinakaa mwaka mzima kwenye nyuzi joto 40 bila kuharibika. Sasa wewe mtu wa Kigoma unayejua umeme wetu, fikiria boti inapakia chanjo kwenda vijiji vya kusini mwa ziwa bila barafu bila jokofu, umezitia mfukoni tu. Ila bado ni utafiti, dukani haipo popote, na ndege yangu haisubiri utafiti.

Aliyeniokoa ni jirani yetu, nesi mstaafu, sote tunamwita shangazi. Nilimsimulia yote hayo na majeti yangu akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Wewe unaogopa sindano au unaogopa kuanguka?" Nikanyamaza. Akasema wanaoanguka kama mimi presha inashuka ghafla, damu inapungua kichwani, kwa hiyo dawa ni kuipandisha. Akanikalisha kwenye mkeka barazani. Kaza mapaja, kaza tumbo, kaza mkono mmoja, shikilia mpaka usikie uso unapata moto, kama sekunde 15. Achia, usilegee kabisa, pumzika kama sekunde 20, rudia mara tano. Ila mkono wa kuchomwa uache uwe mlegevu, ukiukaza utauma bure. Nilifanya hivo wiki mbili kila jioni, wajukuu zake wakinicheka eti babu anabanwa na haja.

Tulichoma Dar, zile siku 10 za Saudia zikiwa bado hazijatubana. Mama alitangulia, mkono huu na ule, bila kuacha kumsimulia nesi bei ya dagaa. Zamu yangu nikamwambia nesi ukweli kabla hajagusa kitu, dada mimi huwa naanguka, naomba nilale. Hakushangaa wala hakucheka, akasema mbona wengi tu baba, panda kitandani. Nikageukia ukutani, kulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita bado iko mwezi wa kumi na moja, nikakaza mapaja nikawa nahesabu tarehe. Uso ukapata moto. Nikasikia pamba ya baridi, kitu kama kuumwa na sisimizi, akasema bado mmoja. Masikio yalianza kuvuma kidogo, nikakaza tena, yakaacha.

Nikakaa kwenye benchi zile dakika 15 wanazokuambia usubiri. Mama akanikatia nusu ya andazi lake, akaliangalia lile trei la yule nesi, akaniambia, "Leo meza ya watu imepona."