Mji Uliomhesabu Mwenyeji Kuwa Mgeni

Tunapozungumzia kile ambacho ukoloni ulituachia, mazungumzo mara nyingi huishia kwenye lugha, mavazi na majina ya watoto. Mimi hupenda kuutafuta urithi huo kwenye ramani ya Dar es Salaam, kwa kuwa naamini huko ndiko ulikojichimbia zaidi: katika kuamua nani anapata kiwanja kilichopimwa, nani anapitishiwa barabara na mfereji wa maji ya mvua, na nani anaambiwa ahame.

Wajerumani hawakuuanzisha mji huu. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga hapa katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima, na Wazaramo walikuwapo hata kabla yake. Lakini makao makuu ya utawala wa Kijerumani yalipohamishwa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, ziliwekwa kanuni za ujenzi zilizougawa mji kwa aina ya nyumba: ukanda wa majengo ya Kizungu upande wa bahari, ukanda wa nyumba imara za wafanyabiashara, ambao wengi walikuwa Wahindi, na pembeni kabisa eneo la nyumba za miti, udongo na makuti. Waingereza walioteka mji mwaka 1916 waliupokea mgawanyo huo wakaukamilisha. Kwa kuwa Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, haikuwa rahisi kuandika ubaguzi wa rangi waziwazi katika sheria. Kwa hiyo iliandikwa aina ya jengo linaloruhusiwa katika kila eneo, na kanuni ya jengo ikafanya kazi ile ile ambayo kanuni ya rangi ingefanya. Kati ya Uhindini na Kariakoo iliachwa nafasi wazi ya Mnazi Mmoja, kwa hoja ya kuzuia magonjwa yasivuke kutoka kwa Waafrika kwenda kwa wengine. Watu wanaopita uwanjani hapo leo wakielekea sokoni wanavuka mpaka uliochorwa kwa makusudi.

Nyuma ya kanuni hizo kulikuwa na fikra ambayo kwangu ndiyo kiini cha jambo hili. Mkoloni alimwona Mwafrika kuwa mtu wa kijijini, mwenye kabila na chifu wake, na mjini alimvumilia kwa muda tu, maadamu ana kazi ya kufanya. Gavana Donald Cameron aliujenga utawala wa kupitia machifu kuanzia miaka ya 1920 kwa msingi huo huo. Aliyeonekana mjini bila kazi aliitwa mhuni, akakamatwa na kurudishwa alikotoka. Hata mishahara ilipangwa kana kwamba mke, watoto na chakula cha mfanyakazi viko shambani kijijini, jambo ambalo makuli wa bandarini walilijua vizuri walipogoma mwaka 1939 na tena mwaka 1947.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, rangi iliondolewa katika mpangilio wa mji lakini ngazi zake zikabaki. Kilichokuwa Uzunguni, yaani Oysterbay na maeneo ya jirani, kiliendelea kuitwa kwa lugha ya mipango miji eneo la ujazo mdogo, lenye viwanja vikubwa na miti, na waliohamia humo walikuwa viongozi na maofisa wetu. Maeneo ya Waafrika yakawa ya ujazo mkubwa. Sheria ya mipango miji ya mwaka 1956, iliyotungwa na Waingereza kwa kufuata sheria ya kwao, iliendelea kutumika hapa hadi mwaka 2007, miaka zaidi ya arobaini baada ya bendera yao kushushwa. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana. Ile ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Sisemi kwamba sheria hizi mbili ni kitu kimoja, maana Rais huchaguliwa na wananchi, na sheria ya sasa inazitambua haki za kimila na haki za wanawake kwa namna ambayo Gavana hakuifikiria. Hata hivyo, mkazi wa mjini asiye na hati bado anasimama mbele ya dola akiwa mtu aliyeruhusiwa kukaa.

Nililiona hilo kwa karibu mwishoni mwa mwaka 2015, alama za X nyekundu, za kuonyesha nyumba itakayobomolewa, zilipochorwa kwenye kuta za nyumba za bonde la Mto Msimbazi. Shangazi yangu alikuwa na nyumba huko. Alinikalisha barazani, akaleta mfuko wa plastiki uliojaa karatasi, akazipanga mkekani moja moja: leseni ya makazi, stakabadhi za kodi ya jengo za miaka kadhaa, bili za maji na umeme. Kila karatasi ilikuwa na muhuri. Akaniuliza, "Mwanangu, waliokuwa wakipokea hizi hela walidhani ninaishi wapi?" Nakubali kwamba bonde lile ni la hatari; mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Lakini shangazi na majirani zake hawakufika bondeni kwa ukaidi. Mji uliopima viwanja vichache kwa ajili ya wachache tangu siku za mwanzo uliwaachia wengine mabonde na miteremko, na ndiyo maana leo inakadiriwa kuwa zaidi ya nusu ya wakazi wa jiji hili, lenye watu 5,383,728 kwa sensa ya mwaka 2022, wanaishi katika makazi ambayo hayakupimwa.

Jicho la kumwona maskini wa mjini kuwa mtu aliyepotea njia nalo halikuondoka. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya nguvu kazi, na watu walioonekana hawana ajira wakakamatwa mitaani na kupelekwa mashambani. Nia iliyotajwa ilikuwa kila mtu afanye kazi, lakini aliyebebwa na gari Kariakoo hakuona tofauti kubwa na yale ambayo babu yake aliyapitia. Machinga walioondolewa kando ya barabara mwaka 2021 walikuwa wanafanya kazi, tena ya jasho. Si haki kumtwisha mkoloni lawama yote: tumekuwa na zaidi ya miaka sitini ya kuamua wenyewe, na mara nyingi tumechagua kuendelea na vitabu vyake.

Nasema hivyo kwa uchungu kwa sababu taifa hili lilitengenezwa katika upande ule ule wa mji uliodharauliwa. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ina ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na ua wa pamoja nyuma. Katika vyumba sita vya nyumba moja alipanga Mzaramo, Mnyamwezi, Mmanyema na Mngoni, wakichangia jiko, kisima na misiba. Utawala wa machifu ulitaka kila mmoja abaki wa kabila lake, ila wapangaji wale walihitaji lugha moja na utaratibu mmoja wa kuzikana. Chama cha Waafrika kiliundwa hapa mwaka 1929, Yanga ikazaliwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikaundwa katika jengo la chama hicho, mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Mikutano ya kudai uhuru ilifanyika Mnazi Mmoja na Jangwani, na ile nafasi iliyoachwa wazi ili itutenge ikawa mahali pa kukutania.

Kwa hiyo urasimishaji wa makazi, yaani kuyapima na kuyatambua kisheria makazi yaliyojengwa bila kupimwa, unapopita mtaani kwako, swali la kuuliza si la bei ya upimaji peke yake, bali pia nani ameshika kalamu. Hanna Nassif, katika miaka ya 1990, wakazi walishiriki kupanga na kujenga mifereji na barabara za mtaa wao, wakachangia fedha na nguvu zao, na nyumba nyingi zikabaki mahali pake. Upimaji shirikishi wa namna hiyo ndio ninaoutaka Mburahati, Tandale, Vingunguti na Keko, na uanze kabla mchora X hajafika.