Wangala: ngoma mia moja kwenye milima ya Wagaro

Wabongo tunaosoma India likizo ikija wengi wanakimbilia fukwe za Goa, mi safari hii nikagoma, classmate wangu Mgaro alikuwa anarudi kwao kwenye Wangala, sherehe yao ya mavuno, nikamdandia. Wagaro wako magharibi ya jimbo la Meghalaya, kule kaskazini mashariki, ukishuka milima yao upande wa kusini unaikuta Bangladesh. Tulitua mji wa Guwahati tukapanda Sumo, ni jipu za kuchangia nauli, watu wanabanwa humo hadi pumzi inakuwa ya zamu, zaidi ya kilomita 200 mpaka mji wa Tura na kona zikianza hakuna anayepiga stori tena.

Wangala ni ya kufunga mavuno. Kilimo chao cha asili kinaitwa jhum, wanafyeka kipande cha mlima, wanachoma, wanapanda mpunga na mazao mengine humohumo, baadaye wanahamia kipande kingine ili kile kipumzike. Vyote vikishavunwa wanamshukuru Misi Saljong, mungu wa jua na mazao, halafu wanamuaga.

Sasa Wagaro wengi siku hizi ni Wakristo, hata nyumbani kwa rafiki yangu tulisali kabla ya kula. Wanaoshika dini ya wazee wanaitwa Songsarek na ni wachache, ila tukapata bahati ya kuingia kijiji chao kimoja. Nokma, ndo mkuu wa kijiji, anamimina pombe ya mchele ndani kwake pamoja na sadaka ya mazao, hiyo wanaita Rugala, kisha ubani unachomwa pale kwenye nguzo ya kati, moshi unajaa nyumba nzima ya mianzi na hamna anayetoka, macho yananiwasha nikakausha tu. Nje wamama wamekoroga unga wa mchele na maji, unachovya kiganja unabandika kwenye nguzo na ghala, mpaka jioni kijiji kizima kina alama nyeupe za mikono. Na yangu ipo.

Asanang, karibu na Tura, ni habari nyingine, ndo kwenye Wangala ya ngoma mia moja. Hapo ni uwanja, jukwaa, wageni rasmi, hotuba ndefu balaa. Timu kumi, kila moja ngoma kumi. Ngoma yenyewe ni dama, gogo refu lililochongwa tundu katikati, limenenepa tumboni na kuchongoka kwenye ncha, mwanaume analivaa shingoni likalala mbele yake anapiga pande zote mbili huku anacheza, wadada kwenye mstari wao na manyoya ya jogoo kichwani, na pembe la nyati linalia juu ya hayo yote. Kuna watu wanasema hii ni shoo ya watalii, mi sikubaliani kabisa. Ilianzishwa 1976 kwa sababu mila ilikuwa inapotea, na niliowaona wakicheza wengi ni vijana wa kanisani, bila uwanja ule wangejifunzia wapi?

Usiku tunakula nguruwe mama mwenye nyumba ananichimba kuhusu kwetu. Kwao ukoo ni wa mama na mrithi huwa binti, mara nyingi yule mdogo, nokma mwenyewe ardhi anaishika kupitia ukoo wa mke. Nikamwambia mama, mi mtu wa Mtwara, kwa bibi zetu Wamakonde nako ukoo ulikuwa wa mama. Akacheka, akamgeukia mwanae akamwambia kumbe huyu hahitaji kufundishwa, mtafutieni mchumba.