Sanduku la sambaza, wiki ya nne

Mabishano yalianzia mezani. Mtoto wa dada yangu, anayesoma hapa Goma na kulala kwetu, alisema imbwa ana akili kuliko nyau. Mimi nikasema kwenye kazi ya kufungua vitu nyau hana mpinzani. (Mbwa na paka, kwa wasomaji wa mbali.) Tukabishana hadi bugali ukapoa. Kesho yake nikaenda kwa mafundi wa chukudu, mikokoteni ya mbao ya magurudumu mawili, kuomba vipande vya mbao.

Wiki ya 1

Sanduku ni la mkaratusi, urefu sentimita 40. Mlango uko mbele, umeshikwa chini na ukanda wa mpira wa tairi badala ya bawaba. Juu kuna kijiti kinachopita kwenye pete mbili za waya. Kikichomoka, mlango unaanguka. Ubavuni nimeacha mianya ili harufu ya sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, itoke.

Wazo nimeliazima kwa Mmarekani Edward Thorndike. Mwaka 1898 alichapisha majaribio ya kufungia paka ndani ya masanduku, chakula kikiwa nje. Walikwaruza na kusukuma ovyo mpaka wakagusa kifungo kwa bahati. Walipofungiwa tena na tena muda ulipungua, ila polepole, bila dalili ya kung'amua ghafla. Mimi nimegeuza: chakula ndani, mnyama nje. Nyau mwenyewe ni wa mama jirani, na nikimfungia itabidi nihame mtaa.

Jaribio la kwanza silihesabu. Ua wetu ni mawe ya volkano matupu. Sanduku likayumba, kijiti kikateleza chenyewe, na Boby, imbwa wetu, akala samaki wote bila kuwaza lolote. Sasa linakaa juu ya mafiga matatu.

Wiki ya 2

Boby alinusa, akakwaruza mara mbili, akaketi. Akanitazama. Akatazama sanduku, akanitazama tena, akaanza kulia kwa puani. Dakika moja haikuwa imetimia. Nilicheka sana siku hiyo, nikidhani nimeshinda.

Nyau alikaa siku tatu juu ya ukuta wa mawe akijifanya hana habari. Siku ya nne nilipokuwa nabeba bidoni za maji, akashuka. Niliporudi nilimkuta amelala ubavu, mkono mmoja umezama kwenye mwanya hadi begani, uso umeelekea pengine kabisa kama anayetafuta funguo mfukoni. Akatoa sambaza mmoja kwa kucha, akala. Akatoa wa pili. Mlango hakuugusa hata kidogo.

Kijana akasema huo ni wizi, kazi ilikuwa kufungua mlango. Nikamwambia nyau hakusoma masharti, yeye alitaka samaki. Bado nasimamia hilo. Lakini mianya nimeiziba nusu.

Wiki ya 3

Hapa ndipo mambo yalipogeuka. Nilisoma juu ya Ádám Miklósi na wenzake wa Budapest, waliochapisha mwaka 2005 jaribio la kuwapa mbwa na paka chakula kinachofikika, kisha kisichofikika kabisa. Mbwa waligeuka upesi kumtazama mtu. Paka walizidi kuhangaika na chombo chenyewe. Kwa kufuata kidole cha mtu kinachoonyesha chakula kilipo, hawakupishana sana.

Nikamfikiria Boby. Tangu akiwa mtoto, kila alichokula kimetoka mkononi mwa mtu: makombo ya bugali, vichwa vya samaki. Kwake yeye komeo ni mimi. Na mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, saa mkononi, nikimhukumu.

Basi nikajificha nyuma ya ukuta wa mbao, jicho kwenye tundu la msumari. Dakika nne Boby alitazama lango tu. Akajilaza. Akainuka, akazunguka, akashika kijiti kwa meno ya pembeni, nadhani kwa sababu anapenda kutafuna vijiti, akavuta. Mlango ukaanguka, paa! Akaruka nyuma na kubweka. Kisha akarudi akala. Dakika sita jumla. Kesho yake mbili. Keshokutwa sekunde 40.

Siku iliyofuata nikasimama tena mbele yake. Akaketi, akanitazama! Kijiti anakijua, njia anaijua, lakini mimi nipo, ya nini ajichoshe? Kijana aligaagaa kwa kicheko.

Wiki ya 4

Kijana amepata silaha mpya. Mwaka 2017 Suzana Herculano-Houzel na wenzake walihesabu niuroni (seli za neva) za gamba la ubongo: mbwa karibu milioni 530, paka karibu milioni 250. Ananitajia namba hizo hata nikipiga mswaki. Namjibu kwamba niuroni hazijachomoa kijiti, ila najua jibu hilo ni jepesi.

Jaribio la kamba pia limeniumiza. Nilifunga sambaza kwenye kamba na kuipitisha chini ya ubao: nyau alivuta mara moja. Nikaweka kamba mbili zilizopishana, moja tu ikiwa na samaki. Alivuta yoyote iliyo karibu na mkono wake, tupu au yenye kitu, mara kumi, bila kujirekebisha. Britta Osthaus aliona jambo kama hilo kwa paka nchini Uingereza mwaka 2009. Boby sijamjaribu, maana alikula kamba.

Kinachonisumbua sasa ni malezi. Nataka nyau aliyelishwa kwa mkono tangu utotoni, nione kama naye ataketi anitazame. Mama jirani ana watoto wawili wa nyau, amekubali kunipa mmoja kwa sharti nimlipe sambaza ambazo mama yao amezoea kula kwangu. Ila mbalamwezi imekolea, taa za wavuvi hazivuti kitu ziwani, na bei sokoni imepanda. Nitasubiri giza.